Karata, Mfungo na Mti wa Baba

S.L.P. 46,
Mpanda,
Katavi.
22 Juni 2026

Mpendwa Dada Tereza,

Shikamoo, na tumsifu Yesu Kristo. Najua huko monasterini una jina jipya la utawa, na nimejaribu kulizoea, lakini nikishika kalamu mkono unaandika Tereza tu. Kama Mama Mkuu ndiye anayeifungua barua hii kwanza, naye nampa shikamoo, na namwomba avumilie mpaka mwisho, maana humu ndani kuna habari za karata.

U hali gani, dada? Lile goti limepoa? Uliandika kwamba mnapiga magoti kwenye sakafu ya saruji na kwamba umeshazoea. Mimi sijazoea kusikia hivyo. Omba ruhusa uweke hata kipande cha mkeka, sidhani kama Mungu atakasirika. Na wale masista wazee unaowauguza, wanaendeleaje na baridi ya huko mlimani?

Sisi huku hatujambo. Goreth ni mzima, cherehani yake inalia kutwa kwa ajili ya sare za shule. Binti yetu Agape ameota meno ya mbele na anang'ata kila kitu, hata bisibisi zangu za kufungulia simu. Mama kule Inyonga ni mzima, na mahindi mwaka huu yamekubali. Habari za Baba nitazifikia. Usiruke kurasa.

Usininunie kwa kukaa kimya. Wakati wa Kwaresima nyie hampokei barua, na baada ya Pasaka nilikuwa nimeshika jambo ambalo sikutaka kukuandikia kabla sijaona mwisho wake. Sasa nimeuona.

Jambo lenyewe lilianza Mwaka Mpya. Tulikwenda Inyonga wote, nyumba ikajaa, na katikati ya chakula kiti cha plastiki kikanivunjikia mbele ya wageni. Wewe uliniacha mwembamba kama ufito, dada. Ungeniona sasa usingeamini. Fundi simu kazi yake ni kukaa, na mimi nimekaa miaka kadhaa pale dukani mpaka tumbo likaanza kufika mahali kabla yangu. Watu walicheka. Baba hakucheka.

Alisubiri wanyamaze, akasema bega lake limekataa, hatapanda tena miti. Mizinga yake yote kule msituni upande wa Ugalla atamwachia Maduhu. Maduhu unamkumbuka, yule jirani Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake, Baba akamfundisha nyuki. Ni mtu mwema na sina neno naye. Lakini Maduhu hapandi miti. Anafuga kwa mizinga ya masanduku, anaining'iniza usawa wa kifua. Alishasema wazi kwamba akipewa, ule mzinga wa gogo ulio juu ya ule mti mkubwa wa mtundu atauacha uoze hukohuko. Na mzinga ule, dada, mliupandisha wewe na Baba.

Damu ilinichemka. Nikasimama, nikasema nitapanda mimi. Baba akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, taratibu, halafu akatazama kile kiti kilichovunjika.

"Basi panda," akasema. "Msimu wa mwezi wa sita. Ukifika kwenye mzinga, mti ni wako. Usipofika, nampa Maduhu. Na hayo makarata yako ya kwenye simu uyaache leo. Mshika mawili moja humponyoka."

Hapo sina budi kukueleza hayo makarata, maana ulipoondoka sikuwa nayo. Kuna mchezo unaitwa poka. Unachezwa kwenye simu na watu usiowaona, mmoja yuko Mwanza, mwingine Nairobi, mwingine sijui wapi. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, nyingine zinafunuliwa mezani kidogokidogo. Kila zinapofunuliwa unaamua: ufuate, upandishe dau, au utupe zako ukae kando. Hela hatuweki. Ni ligi ya pointi tu, na nilimwahidi Goreth kwamba siku nikiweka hela anichomee simu. Ila usidhani ni mchezo wa kitoto. Tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kujifunza kitu kwa bidii kama hiki. Natazama masomo ya mabingwa, napiga hesabu, narudia michezo niliyoshindwa nione nilikosea wapi. Nilikuwa nimejiwekea lengo la kufika meza ya mwisho ya ligi mwaka huu.

Kwa hiyo nilimjibu Baba kwamba sitaacha. Nitapunguza mwili nipande, nitafunga, na karata nitacheza. Nikasema kama mshika mawili moja humponyoka, mimi nitashika matatu. Mama alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Baba aliondoka mezani.

Nikarudi Mpanda na hasira, na hasira nikaigeuza ratiba. Alfajiri nakimbia barabara ya Kabungu. Siku za mwanzo bodaboda walikuwa wananipita polepole wakiniuliza, "Fundi, nani anakufukuza?" Mmoja alijitolea kunibeba bure kwa huruma. Jioni nikifunga duka naenda nyuma ya gereji, kuna mkaratusi mrefu, nafanya mazoezi ya kupanda kwa kamba. Mafundi wa gereji waliacha kazi zao wakawa wanakaa kunitazama. Sikujali. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mtaka cha juu ya mti sharti akubali kuchekwa akiwa chini.

Ila nilifanya kosa moja la kijinga, nakuambia ili ucheke. Nilitaka karata na mazoezi viende pamoja, nikajiwekea sheria: kila nikitupa karata, nashuka sakafuni napiga pushapu. Niliona nimepata akili ya ajabu. Sasa, mchezaji mzuri wa poka hutupa karata nyingi kuliko anazozicheza, hiyo ndiyo sanaa yenyewe. Baada ya wiki chache mikono ilikuwa inatetemeka, na bila kujijua nikaanza kuona karata mbovu kuwa nzuri. Mbili na saba, ambazo hata mlevi anazitupa, mimi nazifuata, mradi nisishuke sakafuni. Nikaporomoka kwenye ligi, na misuli sikupata.

Goreth ndiye aliyegundua, na yeye hajui jeki wala mfalme. Aliinua macho kwenye cherehani akasema, "Baba Agape, umejiwekea adhabu ya kufanya vizuri." Niligeuza sheria siku hiyohiyo. Sasa nalipa pushapu kila ninapoingia mchezoni, kutupa ni bure. Dada, nimekuwa mchaguzi huyo! Kabla ya kufuata karata najiuliza kama kweli zinastahili jasho langu.

Kwaresima ilipofika nikaongeza mfungo. Jumatano na Ijumaa sikula mpaka jioni. Nilijisifu kwamba nafunga bila shida, njaa siisikii kabisa. Kumbe nilikuwa nashinda na karata mkononi, na mwenye kucheza hana habari na tumbo lake. Goreth akanikosoa tena. Alisema, "Wewe hufungi. Unajisahaulisha."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli. Nikampa simu yangu Alhamisi jioni, akaifungia kwenye sanduku la vitambaa mpaka Jumamosi. Ijumaa ile ya kwanza nilikuwa mkali, nilimjibu mteja vibaya mpaka nikamfuata stendi kumwomba radhi. Njaa niliiona uso kwa uso, na haikuwa rafiki. Lakini ya pili ilikuwa afadhali, na ya tatu nikaweza kusali Njia ya Msalaba nzima bila kuwaza vitumbua. Na Jumamosi nilipoirudia simu nikajikuta nacheza nimetulia kuliko siku nyingine zote. Basi nikaiacha hivyo hata baada ya Pasaka: Ijumaa ni ya mfungo, karata hazina nafasi.

Mei mwishoni nikafika meza ya mwisho ya ligi. Nilirukaruka dukani mpaka mteja akadhani nimepigwa shoti. Halafu tarehe ikatangazwa: Jumamosi ya tarehe kumi na tatu, jioni. Na Mama akapiga simu kusema Baba ametaja siku ya kuvuna. Jumamosi ileile. Kule msituni unajua mwenyewe, hata ukipanda mti mtandao haupo.

Nilikasirika na kila mtu, hata na nyuki. Nilimwomba Mama amsihi Baba asogeze siku. Jibu lilikuwa kwamba nyuki hawasogezwi. Nikakaa na jambo hilo siku nzima, na mwisho nikajiambia meza ya mwisho nitaifikia tena, kwa sababu sasa najua njia. Mti ukienda haurudi. Nikapanda basi la Inyonga.

Masharti ya Baba unayajua kunishinda. Anayepanda hali chakula tangu jioni ya kuamkia siku ya kupanda, haogi kwa sabuni wala hapaki mafuta, maana nyuki hawampendi mtu aliyeshiba wala anayenukia. Wengine walilalamikia njaa kwa niaba yangu. Mimi njaa haikunitisha, tulishajuana.

Watu walikuwa wengi pale kambini msituni kuliko inavyotakiwa kwenye kazi ya nyuki. Habari ya fundi simu kutoka mjini anayekuja kupanda mtundu wa baba yake, Mzee Bartolomeo, ilikuwa imetembea. Maduhu akawasha moshi. Nikafunga kamba yangu mpya niliyoinunua mjini, ile ya nailoni, nikaanza.

Dada, nilipanda! Kiti kilichovunjika kilikuwa mbali sana nyuma yangu. Nilipita ile panda ya kwanza, nikapita kile kidonda cha mti ulichoniambia zamani nisikikanyage. Nikausikia mzinga ukivuma. Ulikuwa umebaki urefu wa mtu mmoja hivi. Hapo kamba ikateleza. Kidogo tu, nikaegemea, ikashika. Nikasogea, ikateleza tena, na safari hii niliona jinsi nailoni inavyong'aa pale ilipokuwa inasugua gome.

Nguvu nilikuwa nazo. Nataka ulijue hilo. Mikono haikutetemeka, kichwa hakikuzunguka. Chini walikuwa wananishangilia, na nilimwona Baba amekaza shingo kunitazama. Kila kitu kilikuwa kinaniambia endelea. Na hicho ndicho nimekisoma miezi yote hii kwenye simu: unapewa wafalme wawili, karata nzuri kupita zote za mkononi mwa wenzako, halafu meza inafunuliwa na unaona kabisa kwamba mambo yamegeuka. Wengi hawawezi kuzitupa. Wanasema nimeshafika hapa, nirudije? Hapo ndipo wanapokwisha.

Nikashuka.

Nikashuka polepole, mguu kwa mguu, huku kelele zikigeuka kicheko. Mmoja akasema, "Karata zimemponza huyo." Nilipogusa chini niliketi kwenye majani nikalia, dada, sikufichi. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeupoteza mti wako, na kwa sababu nilikuwa na uhakika sijakosea. Sijui kama umewahi kuyabeba hayo mawili kwa pamoja.

Baba alikuja akaichukua kamba, akaipitisha vidoleni yote, akaitupa kando. Halafu akamwuliza Maduhu, "Ungekuwa wewe, ungeshuka?" Maduhu akafikiri, akasema kwa ukweli wake, "Mimi Mzee, nisingepanda. Ila ningekuwa juu pale na watu wote hawa, ningeenda."

"Hata mimi," akasema Baba. "Bega hili unadhani liliumiaje?"

Jumapili tulipumzika, tukasali rozari palepale kambini. Baada ya sala Baba aliingia kwenye kibanda, akakawia humo. Alipotoka alikuwa na kamba yako. Ile ya ngozi ya ng'ombe mliyoisuka pamoja kabla hujaenda utawani. Miaka yote imekaa kwenye kigingi ukutani na hakuna aliyethubutu kuigusa. Mimi nilishawahi kuulizia nikakaripiwa. Akaketi nayo karibu na moto, akaipaka nta kipande kwa kipande, kama mtu anayeosha mtoto.

Unajua tangu uende Baba hajawahi kutaja jina lako. Barua zako Mama anasomewa, Baba anatoka nje. Nilishakubali kwamba ndivyo itakavyokuwa mpaka mwisho. Sasa akasema, bila kuinua macho, "Kamba hii nilimwekea Tereza. Nilijua atachoka huko, atarudi, ataikuta." Akaendelea kupaka. Halafu akasema, "Wewe umeweza kushuka ukiwa umeukaribia hivyo. Na mimi nitashuka. Tereza harudi. Usile chochote jioni hii, kesho panda na yake."

Jumatatu nikapanda. Hakukuwa na watu safari hii, ni Baba, Maduhu na mimi. Kamba yako haikuteleza hata mara moja. Niliufikia mzinga, nikaufunga, nikaushusha taratibu mpaka mikononi mwa Maduhu, nikang'atwa mdomoni na kwenye sikio, na nikakaa kule juu kidogo kuliko ilivyolazimu, kwa sababu nilitaka kuona ulichokuwa unakiona wewe. Miyombo mpaka macho yanapoishia, dada. Nilielewa kwa nini ulikuwa hutaki kushuka.

Basi mti ni wangu. Mizinga mingine Baba ameamua tuilee pamoja na Maduhu, na mimi nimefurahi, kwa sababu anajua mengi ya masanduku ambayo mimi siyajui. Kila msimu lazima nipande mwenyewe, kwa hiyo mwili siwezi kuuachia tena. Bado nina safari, tumbo halijaisha, lakini kiti cha plastiki sasa nakikalia bila kusali kwanza.

Na ligi? Tuliporudi Inyonga simu ikashika mtandao, nikafungua nikitarajia aibu. Kumbe usipofika, kiti chako kinabaki mezani, pointi zinaliwa kidogokidogo kila raundi. Tulikuwa watu tisa. Kiti changu kitupu kimemaliza cha saba! Wawili walikuwa na haraka wakatolewa kabla ya mtu ambaye hayupo. Nilimwonyesha Baba, akauliza maswali mengi kuliko nilivyotegemea, mwisho akasema, "Kama ndiko ulikojifunza kushuka, cheza. Ila siyo Ijumaa." Ligi mpya inaanza mwezi ujao na nimeshajiandikisha. Barabara ya Kabungu naikimbia kila alfajiri, Ijumaa nafunga, na mwaka huu meza ya mwisho nitaikalia mwenyewe. Matatu nimeyashika, na siyaachii.

Goreth anakusalimu sana na anaomba sala kwa ajili ya meno ya Agape. Mama anakubusu mikono yote miwili. Maduhu naye kasema nisimsahau. Wasalimie masista wote, hasa Mama Mkuu ikiwa amefika hapa.

Pamoja na barua hii utapokea kidumu cha asali ya mzinga wako. Baba ndiye aliyeichuja na kufunga kifuniko kwa mkono wake. Nilimwuliza kama ana neno la kuandika, akasema hana, maneno atayaleta mwenyewe. Ndiyo, dada. Tarehe kumi na tano Agosti, siku ya nadhiri zako za daima, anakuja. Ameshamtumia Goreth kitambaa cha suruali amshonee. Na siku ninaaga Inyonga aliniuliza kama huko mlimani kuna mti ambao mzinga unaweza kutundikwa, kwa kuwa kamba anakuja nayo.

Mungu akulinde, akupoze goti, na akupe usingizi mwema mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bila kutupa karata,

Kalisti